Loji za porini zinalia hazina watu wenye ujuzi, Arusha vijana wenye vyeti vya hoteli wamejaa. Tuongee ukweli

Jikoni Karatu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ikifika mwezi wa tano simu yangu haipoi. Mameneja wa loji na kambi, kuanzia hapa Karatu, Ndutu, Seronera mpaka kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti karibu na mpaka wa Kenya, wote wanauliza jambo lilelile: una mpishi? Una fundi? Una mtu wa vyumba anayeweza kusimamia wenzake? Mwezi wa sita wageni wanaanza kushuka, vyumba vimeshalipiwa tangu mwaka jana, na jikoni amebaki mtu mmoja anayejua kuumua unga. Wakati huohuo shuka Arusha mjini, simama Njiro nje ya chuo cha hoteli na utalii cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), au nenda Chuo cha Taifa cha Utalii. Utakutana na vijana wenye vyeti, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani, kazi hawana.

Nimekaa jikoni muda mrefu, siku hizi natafutia loji watu na kuwafundisha. Maelezo ninayoyasikia ni mawili tu: "vijana wa siku hizi hawataki porini" na "vyuo vinatoa makaratasi". Yote yana chembe ya ukweli, ila mzigo mkubwa uko kwetu sisi upande wa kuajiri. Wenye loji mnaopita humu kimyakimya, msinune.

Kwanza tukubaliane nani hasa anayekosekana. Mhudumu wa mezani hakosekani. Tangaza nafasi moja leo, kesho inboksi imejaa. Wanaokosekana ni watu wa kati: mpishi aliyekwisha kusota jikoni miaka sita saba, mwokaji, msimamizi wa vyumba, mtunza storu anayejua kukadiria mahitaji, na zaidi ya wote fundi. Fundi wa sola, wa majokofu, wa pampu na jenereta. Ukimpata mmoja anayeshika yote hayo, mfungie geti asitoke.

Porini watu hawa wana uzito kuliko mjini. Mpishi wa mjini akiishiwa krimu anamtuma mtu dukani. Kule juu gari la mahitaji linatoka Arusha kwa siku zake, na mvua ikikolea linalala njiani. Mpishi anatazama alichobakiwa nacho, anatazama orodha ya wageni, halafu anatoa chakula cha jioni kinachofanana na bei waliyolipa. Saa kumi alfajiri lanchi boksi zinafungwa. Kati ya hao wageni mmoja hagusi ngano kwa sababu ya ugonjwa, mwingine karanga moja tu inaweza kumwua, wawili hawali nyama wala maziwa. Hospitali ya maana iko mbali, pengine mpaka iitwe ndege. Mpishi anayedhani mzio wa chakula ni maringo ya Mzungu huwezi kumwacha huko peke yake.

Tena kuna kambi za mahema ambazo mpaka leo zinaoka mkate na keki ndani ya sanduku la chuma. Mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko, kipimajoto hakuna, joto unalijua kwa kiganja. Nimekula mikate ya masanduku hayo inayoaibisha ya tanuri la umeme. Kijana wa chuo amefundishia mkono wake kwenye oveni ya gesi yenye namba, si kosa lake. Kosa ni kwamba yule mzee wa sanduku anakaribia kustaafu na hakuna aliyewahi kumpa kijana wa kukaa naye msimu mzima.

Wenye uzoefu walikwenda wapi? Kumbukeni 2020. Mwaka 2019 tulipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata wakawa 620,867. Loji zilifunga, watu wakapelekwa likizo isiyo na malipo, wengine waliambiwa kwa simu tu wasirudi. Waliojiongeza hawakukaa kusubiri. Mwingine alichukua bodaboda, mwingine akafungua mgahawa Usa River, mwingine akarudi shambani. Wageni waliporudi (2023 walifika 1,808,205, na 2024 tukavuka milioni mbili) tukaanza kuwatafuta. Mpishi mmoja mzuri sana nilimpigia mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza nitampa nini ambacho hana pale alipo, analala kwake, watoto anawaona kila siku, na mwezi wa nne hakuna anayemsimamisha. Mshahara niliokuwa nao mkononi haukulijibu swali hilo.

Huku watu wanapungua, vitanda vinaongezeka. Na kambi mpya haifundishi. Inamchukua mpishi wa jirani kwa nyongeza ya laki moja, jirani naye anamchukua wa jirani yake. Ukimaliza duru nzima wapishi ni walewale, mishahara imepanda kidogo, chuki imepanda sana.

Sasa kwa nini hawakai? Anza na masika. Aprili na Mei loji nyingi zinafunga au zinabaki na watu wachache, na wengi wa jikoni na vyumba wako kwenye mikataba ya msimu. Mtu unamtaka awe na ujuzi wa miaka kumi, lakini kila mwaka unamwachisha kazi kwa miezi miwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Kuna waajiri wanazitoa siku hizo mwezi wa nne, wanazitangaza kama fadhila, na zikiisha mtu anakaa bure mpaka aitwe. Sheria hiyohiyo inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Kambini mtu anaamka saa kumi usiku, anazima taa ya jiko saa tano, na kwa kuwa analala hatua chache kutoka jikoni, meneja anahesabu kwamba yupo tu.

Halafu kota, makazi ya wafanyakazi. Hapa nina hasira, nivumilieni. Nimeingia kambi ambazo mgeni analala kwenye shuka laini ajabu, bafu la kuoga nje anatazama nyota, na waliotandika kitanda hicho wanalala wanne kwenye chumba kimoja cha bati, choo kimoja watu ishirini, chakula chao wali maharage asubuhi mpaka Jumapili. Mwenye kambi anaumwa kichwa kwa nini wahudumu hawatabasamu.

Na boksi la bakshishi! Hili linafukuza watu kuliko mshahara, sijui kwa nini halizungumzwi. Wageni wanaambiwa waweke zawadi kwenye boksi la pamoja. Nani analifungua? Nani anagawa? Mpishi na mfua nguo wanapata sawa na aliyesimama mbele ya mgeni? Kuna kambi moja ninayoijua, watu hawaondoki hata wakiitwa. Pale boksi linafunguliwa mwisho wa mwezi mbele ya watu watatu waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, meneja haruhusiwi kugusa, hesabu inabandikwa ukutani kwenye mesi, mpaka wa bustani anaona jina lake na kiasi chake. Mshahara wao ni wa kawaida kabisa.

La mwisho, vijiji. Hapa Karatu tumezungukwa na Rhotia, Tloma, Ayalabe, vijana tele. Ukienda kwenye loji zilizopo hapohapo kijijini kwao, utawakuta bustanini, getini na kwenye kufua. Jikoni na mapokezi wametoka Moshi, Arusha, Tanga. Sababu inayotolewa ni Kiingereza. Kiingereza cha jikoni na cha mezani mtu mwenye nia anakishika ndani ya msimu mmoja akipata wa kumfundisha. Huyu wa Tloma hahitaji kota wala nauli ya likizo, na masika ana shamba lake. Lakini msidhani anasubiri huruma yenu. Kijana anayelima vitunguu Mang'ola, mwaka ambao bei imesimama, anakucheka wewe na laki tatu yako.

Wenye loji wanasema: tunalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara kwa mwajiri mwenye watu kumi na zaidi, halafu bado tunaanza upya kumfundisha mhitimu. Malalamiko hayo nayaelewa. Swali langu ni dogo: kati yenu nani amewahi kwenda chuoni akasema nipeni vijana wanne wa uanagenzi, nitakaa nao, nitawalisha, nitawalipa posho, mpishi wangu atawafundisha? Wakati wa kuomba wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo) wa kuosha masufuria ya bure mnajua njia ya chuo.

Karibuni. Mwenye loji, mwenye cheti, fundi, aliyeko nje, wote semeni.

Kiti Cha Mbele

Nimekaa. Ngoja waje wenye loji.

Binti Rhotia

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nina astashahada ya huduma za hoteli na nimefanya vyumba, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Fildi yangu nilienda kambi moja (jina naliacha). Muda wote nilimenya karoti na kuosha vyombo vya wafanyakazi. Siku ya mwisho nikajaziwa fomu kwamba nimejifunza kupanga vyumba, kuhudumia meza na mapokezi. Nikamaliza chuo, kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu unaanzia wapi kama kila mtu anataka aliyekwisha kuzoea kazi kwa mwingine?

Kuna jambo mleta uzi amelipita haraka kwa sababu ni mwanaume, sikulaumu. Wasichana wanaoondoka porini hawaondoki kwa sababu ya simba. Kuna wasimamizi ambao kupangiwa zamu nzuri au kuongezewa mkataba kuna bei yake, na bei si pesa. Uko katikati ya hifadhi, gari la kutoka ni la kampuni, mtandao unapatikana juu ya jiwe moja, utamripoti kwa nani? Wengi wanamaliza mkataba kimya na hawarudi. Baadaye mnasema mabinti hawapendi porini.

Ukiolewa ukapata mtoto ndiyo basi. Sheria inakupa siku 84 za uzazi, sawa, loji nzuri zinazitoa. Siku ya themanini na tano unampeleka wapi mtoto? Kota za ndani ya hifadhi hazikujengwa kwa ajili ya familia. Mimi nilihamia hoteli ya mjini yenye mshahara mdogo, na yule msimamizi wangu wa vyumba, mama hodari niliyejifunza kwake karibu kila kitu, anauza mitumba Kibaoni. Mnatafuta wasimamizi wa vyumba? Wapo, wanauza mitumba.

Jikoni Karatu

Dada, nimekusoma na hapo uko sahihi. Nina la kuongeza: mtu akiachishwa kazi mbali na alikoajiriwa, sheria inamtaka mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake mpaka alikomtoa. Wengi hawajui, wanaomba lifti ya lori. Kijana akijua kwamba kurudi kwake kumehakikishwa, anakubali kwenda mbali kwa moyo mwepesi zaidi.

Mwenye Banda Tungamalenga

Nimesoma yote na mate yamenikauka. Nyie mnaongelea loji za dola mia nane. Sisi wenye mabanda nane kando ya barabara ya Iringa kwenda Ruaha tuko wapi kwenye hesabu hii?

Nachukua binti wa kijijini, hajui kukunja kona ya shuka. Mke wangu anamfundisha kupika supu ya boga, mimi namfundisha salamu na kuandika bili. Mwaka wa pili anajua kazi. Mwaka wa tatu yuko kambi ya ndani ya hifadhi kwa mshahara mara mbili, na siwezi kumlaumu, hata mwanangu ningemwambia aende. Mimi naanza na mwingine. Kwa maneno mengine nimekuwa chuo, sina ada, sina ruzuku, na walio ndani ya hifadhi hawajawahi kuniletea hata kilo ya sukari.

Tena huku Kusini wageni ni wachache kuliko kwenu Kaskazini. Ukiniambia nimlipe mtu miezi kumi na miwili wakati miezi minne banda halina mgeni, nitafunga. Mwenye hili suluhisho aniambie, bila maneno ya semina.

Jikoni Karatu

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni gumu kuliko yote humu na sitakudanganya kwamba nina dawa yake.

Nilichoona kinafanya kazi kwa wadogo ni hiki. Usimlipe kukaa, mpe kazi nyingine. Masika ndiyo wakati wa kupaka rangi, kushona mapazia, kutengeneza magodoro, kupanda mboga za msimu, kusaga nyanya na kuziweka kwenye chupa. Hiyo unailipia fundi wa nje kila mwaka, wape wako. Na wale unaowalea kisha wanachukuliwa, kaa na hao wakubwa mapema. Waambie: nitawaletea watu wawili kila mwaka waliokwisha kuiva, nanyi mnilipie mafunzo yao. Wanatumia pesa nyingi zaidi kusafirisha mtu kutoka Arusha mpaka Ruaha na kumlea miezi mitatu akiwa hajui lolote. Meneja anayejua hesabu atakubali. Asiyejua hesabu atakuibia hivyohivyo, hapo hujapoteza zaidi ya unavyopoteza leo.

Ila usiwafunge kwa mikataba ya kuwalipisha wakiondoka. Nimeona watu wakijaribu. Vijana wanatoroka usiku na kijiji kizima kinakuona adui.

Fundi Jua

Salamu kutoka Mpanda. Mimi ni huyo fundi mnayemtafuta.

Kambi nyingi za huku Katavi zimehama kutoka jenereta kwenda sola. Safi. Wananunua betri za lithiamu za mamilioni, invata tatu (vifaa vya kugeuza umeme wa betri utumike kwenye vyombo), mfumo unafungwa na kampuni ya mjini, wanapiga picha, wanaondoka. Wanaobaki wanajua kitu kimoja: kuzima na kuwasha. Siku invata imesimama saa mbili usiku, friji la nyama linayeyuka, wageni hawana maji kwa sababu pampu nayo inategemea umeme huohuo. Ndipo napigiwa simu ya video nionyeshwe taa nyekundu.

Mnauliza mafundi wako wapi? Migodini. Fundi umeme mzuri akipata nafasi Geita au Kahama, kambi yako ya mahema kumi na mawili haiwezi kushindana naye, acha ndoto hiyo. Huhitaji kumwajiri mtu wa hivyo mwaka mzima kukaa anatazama betri. Kambi tano au sita zilizo karibu zingeungana, zikamweka mmoja, zikamnunulia pikipiki na vifaa vya kupimia, akawa anazunguka kwa ratiba. Kuharibika kungepungua nusu, maana vitu vingi ninavyoitiwa ni waya uliolegea, vumbi kwenye feni, maji ya betri za zamani yaliyokauka. Nimewahi kulipeleka wazo hili kwa mameneja wawili wanaopakana. Kila mmoja aliogopa mwenzake atajua ana wageni wangapi.

Pia nipeni mtu. Kila kambi ina kijana wa bustani mwenye akili anayekuja kunishikia tochi. Naomba nimfundishe, meneja anasema ana majani ya kukata.

Narok Kaskazini

Majirani poleni, lakini msidhani sisi huku Kenya tumepona. Sisi tuna Chuo cha Utalii pale Nairobi, barabara ya Thika, tangu 1975, kilijengwa kwa msaada wa Uswisi, na hoteli hulipa tozo ya asilimia mbili ya mapato ambayo sehemu yake hukiendesha. Wahitimu wake wanaheshimika kila mahali. Na kwa sababu wanaheshimika kila mahali, hawaonekani Talek wala Sekenani, kule kwenye kambi za Maasai Mara. Wako Nairobi, Dubai, Doha, na kwenye meli za kitalii. Kule Pwani walipangiwa chuo cha pili, Vipingo, na ujenzi wake ukasuasua miaka na miaka.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema jengeni chuo kingine mambo yataisha, nacheka kidogo. Chuo kizuri kilicho mbali na kijiji kinatoa watu wazuri wa kwenda mbali na kijiji.

Huku Maasai Mara kilichosaidia kidogo ni hifadhi za jamii. Ardhi ni ya wenyeji, kambi inalipa kodi ya ardhi, na kwenye mazungumzo ya mkataba wazee hudai pia nafasi za vijana wao. Mwanzo walipewa ulinzi na kuosha magari, kama mlivyosema. Siku hizi unakuta Mmaasai wa hapo ndiye mpishi mkuu au meneja, na huyo haondoki ovyo, ng'ombe wake wako ng'ambo ya mto.

Doha Kwa Sasa

Nilikuwa su-shefu, msaidizi wa mpishi mkuu, Serengeti. Niliondoka 2022 wakati hoteli za huku zinakusanya watu kwa ajili ya Kombe la Dunia, nikabaki.

Sitawapamba. Joto la huku la mwezi wa saba hujapata kuliona. Tunalala wawili chumba kimoja, Jumapili haina maana, na ukiugua ndugu ni simu. Lakini mkataba niliusoma kabla ya kupanda ndege: mshahara huu, saa hizi, tiketi ya kwenda nyumbani likizo inalipwa na mwajiri, chakula chako hiki. Tarehe ya mshahara ikifika simu inalia. Porini nilikuwa naambiwa subiri, mawakala hawajaleta pesa.

Kingine, huku kuna ngazi. Naijua ninayofuata, naujua mtihani wake. Kule nilikuwa nimepika miaka mingi na mtu wa juu yangu akiondoka analetwa mwingine kutoka nje, mimi namfundisha storu iko wapi.

Nikipata kambi yenye mkataba wa mwaka mzima na jina langu likawa kwenye mstari wa kurithi jiko, mwakani narudi. Naongea kwa dhati, pilau ya wenzangu huku haina hata harufu.

Kiti Cha Mbele

Huyo wa Doha kanikumbusha. Kwa nini kila kambi meneja na shefu ni mgeni, yaani raia wa nchi nyingine? Serikali imelala?

Jikoni Karatu

Haijalala, karatasi zipo. Sheria ya kuratibu ajira za wasio raia ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji: mgeni anakuja na ujuzi, Mtanzania anaandaliwa achukue nafasi. Kibali ni cha miaka miwili, kinahuishwa, lakini jumla haizidi mitano kwa kawaida. Shida iko kwenye utekelezaji. Nimeona mipango ambayo jina la mrithi ni la mtu wa mapokezi ambaye hata hajui kwamba anaandaliwa kuwa shefu. Jina limejaza kisanduku, mkaguzi amegonga muhuri.

Nisiwe mnafiki lakini. Nimefundishwa na wageni wawili watatu waliokuwa na moyo, walinipa hata daftari zao za mapishi. Mgeni anayefundisha analipa kuliko mzawa anayeficha siri ya mchuzi wake asije akaporwa kazi. Na hao wa kuficha tunao wengi, tusitupe lawama zote uwanja wa ndege.

Mzee wa Storu

Vijana, hamjambo. Mimi nimepika kambi za uwindaji na za watalii wa kupiga picha tangu enzi za mahema ya turubai zito. Sanduku la mkaa mnaloliongelea nalijua kama mfuko wa shati langu. Cheti sina hata kimoja, niliishia darasa la saba. Kila loji mpya mhasibu ananiuliza cheti, halafu ananilipa mshahara wa msaidizi, halafu usiku shefu ananiita nimwokolee mkate. Mtu kama mimi ataenda chuo kukaa na wajukuu?

Jikoni Karatu

Mzee, shikamoo. Huhitaji kukaa darasani miaka miwili. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Unajiandikisha, wanakupima kwa vitendo na mahojiano kwenye fani yako, penye upungufu unafundishwa kwa muda mfupi, kisha unapewa cheti kinachotambulika. Wapishi na wahudumu wamo kwenye fani hizo, si mafundi seremala na waashi tu. Anza na ofisi ya VETA ya mkoa wako, uliza kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Beba barua za kazi ulizonazo, hata zilizochakaa.

Na ukubali nikuletee kijana mmoja msimu huu. Nitamlipia chakula mimi.

Binti Rhotia

Kijana au binti?

Jikoni Karatu

Binti anaruhusiwa. Njoo inboksi.

Mwenye Banda Tungamalenga

Wakuu nimekuwa nikisoma huku natoa jasho. Fundi Jua, najua uko mbali, lakini invata yangu imewasha taa nyekundu tangu jana jioni, nina Wajerumani sita wanafika kesho saa sita.

Fundi Jua

Usiizime kwanza. Piga picha ya namba inayosoma kwenye kioo unitumie inboksi. Na huyo kijana wako wa bustani mwite asimame hapo karibu na asikie ninachosema.